Mwenye Kifua Asikalishwe

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, muuguzi mstaafu, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, hapa Mkula. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

  

Nimepewa nusu saa. Katibu ameniambia waziwazi nisipitilize, maana wali uko jikoni na wapishi hawana subira. Basi nitakwenda moja kwa moja.

Mwenyekiti amekwisha kutusomea hesabu za miaka kumi. Tumesikia hisa, tumesikia mikopo, tumesikia mfuko wa jamii umesaidia misiba mingapi na uzazi mangapi. Ni hesabu nzuri, na tumepiga vigelegele. Lakini kuna hesabu nyingine haikusomwa, nayo ni ya wenzetu ambao majina yao yamo kwenye daftari ila kwenye benchi hatuwaoni. Hawakugombana na mtu. Wala hawakimbii deni. Kifua ndicho kimewaweka nyumbani. Mwanzo mtu anamtuma mtoto na hisa zake wiki moja, kwa kuwa alibanwa usiku. Wiki ya pili anamtuma tena. Baada ya miezi michache tunaletewa ujumbe: jamani, nifungieni hesabu yangu, mimi sasa ni mtu wa kukaa tu.

Mtu wa kukaa tu. Neno hilo ndilo limenisimamisha hapa leo.

Nikisema kifua sisemi mafua ya wiki moja. Nasema ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa miaka. Unahema ukipanda kilima kidogo, unahema ukitwanga, baadaye unahema hata ukijifunga kanga. Wengine wanakohoa makohozi kila asubuhi mpaka wanaona ni kawaida yao. Chanzo si kimoja. Wapo wenye pumu ya tangu utoto ambayo haikupata dawa ya kutosha. Wapo waliougua kifua kikuu, wakameza dawa miezi sita yote, wakapona kabisa, makohozi hayana tena mdudu, lakini mapafu yamebaki na makovu kama ngozi iliyoungua. Hao jamani wanaonewa sana. Akikohoa tu, watu wanasogea, anabaki peke yake kwenye benchi, na ugonjwa wenyewe alikwisha kuumaliza. Wapo wavuta tumbaku. Na sisi akina mama ambao hatujaweka sigara mdomoni maisha yetu yote, tuna moshi wa jiko.

Hilo la jiko sihitaji kulieleza sana hapa Mkula. Tumezaliwa kwenye moshi na tumezalia kwenye moshi. Zamani tulikuwa tunaingia hifadhini Udzungwa siku maalum kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ikafungwa, na wengi tukabaki na kuni mbichi, mabua, na pumba za mpunga. Kuni mbichi mnaijua inavyolia na kutoa machozi. Ongeza moshi wa matanuri ya matofali, ongeza vumbi la mashine ya kukoboa, ongeza yale majivu meusi yanayotuangukia kwenye nguo tulizoanika wakati wa kuchoma miwa. Mapafu ya bonde hili yanafanya kazi kubwa.

Msidhani nakuza mambo. Utafiti mmoja uliofanywa kijijini hapa nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima kwa mashine ya kupuliza watu wa miaka 35 na zaidi, ukakuta karibu mmoja katika kila sita ana ugonjwa huu wa njia za hewa kuziba. Na karibu wote waliishi na moshi wa kuni au mkaa. Hesabuni kwenye mabenchi yenu hapo: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mwaka 2021 ugonjwa huo uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani.

Sasa, mama akishikwa na kifua tunafanyaje? Tunamhurumia. Binti anamnyang'anya ndoo, mkwe anamnyang'anya mchi, mjukuu anatumwa dukani. Kigoda kinawekwa kivulini na bibi anaambiwa, wewe pumzika, usijichoshe. Ni mapenzi, nayaheshimu. Na madaktari wenyewe zamani walisema hivyohivyo. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, wakati duniani hakuna dawa yoyote ya ugonjwa huo, na katika hospitali za namna hiyo tiba ilikuwa hewa safi, chakula na kulala kitandani. Fikra ya kulala ikabaki hata dawa zilipopatikana. Ilipofika miaka ya 1960 ndipo madaktari kama Thomas Petty, kule Denver, Marekani, walipoanza kuwatembeza wagonjwa wa mapafu kwa mpango maalum, na wagonjwa wakaonekana wanapata nguvu. Leo jambo hilo halibishaniwi tena na wataalamu. Mgonjwa wa kifua sugu ambaye hali yake imetulia anatakiwa afanye mazoezi, tena ni sehemu ya tiba kama ilivyo dawa.

Kwa nini? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana mtu akilielewa hili mengine atajipangia mwenyewe.

Mapafu yakiharibika, hewa inaingia lakini inatoka kwa shida. Mtu akitembea anahema, anaogopa, anakaa. Akikaa wiki, mwezi, mwaka, misuli ya mapaja inanywea. Tazameni miguu ya mtu aliyekaa muda mrefu. Misuli iliyonywea ni mivivu kutumia hewa. Kazi ileile ndogo sasa inadai hewa nyingi kuliko zamani. Kwa hiyo anahema zaidi ya alivyokuwa akihema mwanzo, na mapafu huenda hayajabadilika hata kidogo! Anazidi kuogopa, anazidi kukaa. Sasa hivi kwenda chooni ni safari. Ugonjwa wa mapafu umezaa ugonjwa wa miguu, na mgonjwa anadhani ni uleule mmoja.

Mazoezi hayaponyi kovu la mapafu. Sitaki mtu aondoke hapa akisema muuguzi ametuambia ukitembea mapafu yanaota upya. Hapana. Mazoezi yanarudisha miguu, yanasaidia moyo, na yanamfundisha mtu asiiogope pumzi yake. Miguu ikipata nguvu inadai hewa kidogo kwa kazi ileile, na hewa kidogo ndiyo aliyonayo.

Na msifikiri ni mambo ya Ulaya yenye mashine za umeme. Jirani zetu wa Kampala wamefanya. Pale Mulago, Daktari Bruce Kirenga wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliwachukua watu waliopona kifua kikuu wakabaki na mapafu mabovu, wakawafanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, pamoja na mafunzo. Walianza watu 34, wakamaliza 29. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: walitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza, na maisha yao yakawa mepesi. Ni watu kama sisi, wenye makovu kama ya wenzetu.

Na hapa kwetu? Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nimseme bila kumtaja, alikuwa mmoja wa washika funguo tatu za sanduku letu. Mwaka juzi alirudisha ufunguo. Mnakumbuka siku ile, aliutuma umefungwa kwenye pindo la kitambaa. Kutoka kwake mpaka hapa alikuwa anapumzika mara sita, na njiani watoto wanamtazama, akaona aibu. Nilipokwenda kumwona nilimkuta kwenye kigoda, kweli kabisa, na mikono imelala mapajani kama ya mgeni. Kwanza nilimpeleka apimwe, maana hatukujua anaumwa nini hasa. Hakuwa na kifua kikuu. Akapewa dawa ya kuvuta. Daktari akasema moyo uko sawa, anaweza kutembea.

Tukachukua futi ya fundi ujenzi, tukapima mita 30 kwenye kijia cha nyuma ya nyumba, tukachomeka vijiti viwili. Hicho ndicho kipimo wanachotumia hata hospitali kubwa: dakika sita, mtu anakwenda na kurudi kwa mwendo wake, akichoka anasimama, akiweza anaendelea, halafu mnahesabu. Siku ya kwanza alimaliza njia hiyo mara saba, yaani mita 210, na alisimama mara tatu. Baada ya miezi mitatu alimaliza mara tisa, mita 270, na hakusimama. Mita 60 ni kitu gani? Kwa mtu mzima ni hapa na pale kwenye mwembe. Kwake zilikuwa choo, kisima, na jirani. Wataalamu wanasema hata nyongeza ya mita 30 mgonjwa anaisikia mwilini.

Nitaeleza tulivyofanya, ili mwenye mama yake nyumbani akajaribu, lakini akishapimwa.

Kwanza pumzi. Haya, wote, hata wewe Mgeni Rasmi. Vuta hewa kwa pua polepole, hesabu moja, mbili. Sasa kunja midomo kama unapoza chai ya moto, usipulize kwa nguvu, iache itoke yenyewe: moja, mbili, tatu, nne. Umeona? Kutoa ni kurefu kuliko kuvuta. Ile midomo iliyokunjwa inazuia njia ndogo za hewa zisijifunge mapema, na hewa chafu iliyonasa ndani inapata nafasi ya kutoka. Mtu akibanwa njiani asikimbilie kuvuta hewa kwa nguvu. Shida yake si kuvuta, ni kutoa. Asimame, ainame mbele kidogo, mikono aiegemeze kwenye magoti au kwenye fimbo, mabega ayalegeze, apulize chai yake mpaka pumzi irudi. Tulianza na hilo wiki nzima kabla ya kutembea hata hatua moja. Hofu iliondoka hapo. Akajua kwamba kubanwa kunakuja na kunaondoka, na ufunguo anao mwenyewe.

Halafu kutembea. Kutembea ndiyo zoezi kuu, mengine ni mboga. Tulianza dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Dakika tano tu! Na kama tano ni nyingi, mtu atembee dakika moja, apumzike dakika moja, arudie. Kila baada ya siku mbili tatu tunaongeza dakika moja. Siku akiamka vibaya hatuongezi, na wala hatulii. Lengo ni kufika dakika 20 mpaka 30, siku tatu mpaka tano kwa wiki. Mwanzo wa safari polepole, mwisho wa safari polepole, katikati ndipo anapochangamka.

Achangamke kiasi gani? Hapa ndipo watu wanapokosea pande zote mbili. Kuna anayejikaza kama yuko mashindanoni, kuna anayejikokota kama yuko kwenye mazishi. Mazoezi lazima yamfanye ahemee kidogo, vinginevyo miguu haijifunzi. Kipimo ni mdomo wake. Awe anaweza kuzungumza nawe kwa sentensi fupi fupi, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo. Akishindwa kukujibu, apunguze. Mwenye kupenda namba ajipe alama: sifuri ni kutohema kabisa, kumi ni mwisho wa uwezo. Tunataka tatu au nne. Kuhema kwa namna hiyo hakudhuru. Mwambie mapema, asije akahema siku ya kwanza akaona umempeleka kaburini.

Saa nayo ina maana yake. Joto la bonde letu mnalijua, na unyevu wake. Saa moja asubuhi ni nzuri, au saa kumi na moja jioni jua likishalegea, ila msipite kwenye moshi wa majiko ya watu. Mimi nilichagua kijia cha upande wa migomba kwa ajili hiyo. Asitembee akiwa ameshiba sana, tumbo likijaa linasukuma kifua. Asubiri kama saa moja. Miwa ikichomwa siku hiyo, abaki ndani. Na masika, njia zikijaa maji, atembee palepale alipo kibarazani, akiinua magoti, mkono mmoja ukishika nguzo. Redio ikipiga muziki ndiyo vizuri zaidi. Ngoma ikipigwa hata bibi wa miaka sabini mguu unasogea wenyewe.

Zoezi la tatu ni kiti. Ukae kwenye kiti kigumu, si kigoda, usimame bila kusukuma kwa mikono, ukae tena polepole. Mara tano, pumzika, mara tano tena. Puliza wakati wa kusimama. Hilo linajenga mapaja haraka kuliko yote. La nne ni mikono: chupa mbili za nusu lita, zijaze maji, kila moja ni nusu kilo. Inua mpaka usawa wa bega ukipuliza, shusha ukivuta. Mnaweza kucheka, lakini akina mama wengi wa kifua wanashindwa kusuka nywele za mtoto au kuanika nguo kwa sababu mikono ikiwa juu pumzi inakatika. Mikono nayo inataka shule.

Kanuni hiyo ya kupuliza wakati wa kazi ngumu muichukue jikoni na shambani. Puliza unaponyanyua ndoo, vuta ukiishaitua. Puliza mchi unaposhuka. Na ndoo ya lita 20 kichwani, kwa mtu wa kifua, igawanywe mara mbili. Siyo uvivu, ni mpango. Tunasema hapa mkopo mkubwa ulipwe kwa marejesho madogo. Basi na maji hivyohivyo.

Mwenye dawa ya kuvuta, ile pampu ya bluu ya kufungua njia, na daktari amemruhusu, aitumie kama dakika 10 au 15 kabla ya kuanza, na aende nayo mfukoni. Wengi wanapuliza dawa inaishia kwenye ulimi. Kuna njia rahisi: chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, unatoboa tundu kwenye kitako linaloshika mdomo wa pampu sawasawa bila kuvuja. Unapuliza dawa ndani ya chupa mara moja, na unavuta taratibu kwa mdomo wa chupa, mara kadhaa. Madaktari wa Cape Town walipima jambo hilo kwa watoto wenye pumu, wakachapisha mwaka 1999: chupa ya kawaida iliyorekebishwa vizuri ilifanya kazi sawa na kile chombo cha kununua. Muulize mhudumu wa kituoni akuonyeshe.

Sasa upande wa hatari, na hapa sitaki mzaha.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hasa chenye homa za jioni, jasho la usiku, au kukonda: usianze mazoezi, nenda kapime makohozi. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi nchini kwetu, na mwenye ugonjwa huo anahitaji dawa kwanza, matembezi baadaye. Anayekohoa damu, anayehema hata akiwa amekaa, mwenye maumivu ya kifua, mwenye miguu iliyovimba, mwenye midomo iliyobadilika rangi kuwa ya buluu, mwenye kizunguzungu: huyo ni wa kituo cha afya leo, si wa kijia. Makohozi yakiongezeka ghafla au yakigeuka rangi, kuna homa, simamisha mazoezi, tibiwa kwanza, halafu urudi ukianzia chini kidogo ya pale ulipoachia. Na katikati ya zoezi, ukisikia kifua kinauma au macho yanaingia giza, kaa chini palepale. Hakuna zawadi ya kumaliza.

Lipo na jambo moja linalovunja moyo, heri mlijue mapema. Akiacha, inapotea. Nguvu ya miezi mitatu inaweza kwisha ndani ya mwaka, na pengine haraka zaidi. Ndiyo maana mtu peke yake hadumu. Siku mvua ikinyesha anaahirisha, siku ya msiba anaahirisha, mwezi umekwisha. Anayedumu ni mwenye watu wa kumgongea mlango. Na hapa Mkula ni nani wanaokutana kila wiki bila kukosa, wakigongeana milango kwa miaka kumi, mvua na jua? Mahali penye vifaa na wataalamu wa viungo ni mbali na ni pachache. Mabenchi haya yapo.

Kwa hiyo nina maombi kwa kikundi, na nayatoa mbele ya Mgeni Rasmi ili yaandikwe.

La kwanza, siku ya mkutano tuanze nusu saa mapema, wenye vifua na wasio na vifua, tutembee pamoja. Mwenye kwenda polepole ndiye awe mbele, sisi wengine tufuate mwendo wake. Akitangulia mwepesi, mgonjwa anaachwa nyuma, na wiki ijayo haji.

La pili, mabenchi mawili ya mbao njiani, moja kule kwenye njia panda na lingine karibu na mwembe. Mtu akijua atakaa wapi, anathubutu kutoka. Fundi nimekwisha kumuuliza, ubao anao.

La tatu linahusu mfuko wa jamii. Katiba yetu inasema msiba, uzazi, na ugonjwa wa kulazwa. Kifua hakilazi mtu, kinamkalisha. Naomba kifungu hicho kisomeke ili nauli ya kwenda Ifakara, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, kupimwa mapafu na moyo iingie humo, mara moja kwa mwanachama. Bila kupimwa siwezi kumruhusu mtu atembezwe, na wengine hawajapimwa kwa kukosa nauli tu.

La nne ndilo gumu, na najua halitampendeza kila mtu. Mikopo. Wapo wanachama wanaoogopa kumdhamini mwenye kifua. Nimesikia kwa masikio yangu: eti huyu atatufia na deni. Akina mama, mwenye kifua hakufa leo. Anaweza kuishi miaka mingi, na mwaka huo wote anahitaji kula, kusomesha na kununua dawa. Tukimnyima mkopo tumemkalisha mara ya pili. Apimwe kwa marejesho yake kama mwingine yeyote. Kama biashara yake ya zamani ilikuwa kubeba ndizi kichwani, akope kwa biashara ya kukaa na kusimama, ya karanga au ya nguo, asiongeze mzigo. Na akope pia kwa jiko linalopunguza moshi. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Sisi tusisubiri 2034. Mitungi ya gesi bado ni ghali kujaza, najua, lakini hata kutoa jiko nje ya chumba, kukausha kuni juma moja kabla, na kufunika sufuria ya maharage ni mwanzo. Kumtembeza mtu nusu saa asubuhi halafu kumrudisha kwenye chumba cha moshi saa nne nzima, hapo tunajaza maji kwenye pakacha.

Mwenzetu yule wa ufunguo yuko hapa. Hapana, msigeuke kumtafuta! Amekuja kwa miguu, amepumzika mara mbili. Ufunguo hajaudai, na mimi sikumshauri audai. Hilo ni la mkutano mkuu. Ninachojua ni kwamba mkutano mkuu uko mwezi ujao na nafasi ya mshika ufunguo wa tatu itakuwa wazi.

Tutaanza Jumamosi hii, saa moja asubuhi, hapahapa. Njooni na viatu vya kushika mguu, siyo ndala, na kila mmoja chupa ya maji ya kunywa. Mwenye pampu aje nayo. Futi ya fundi ninayo mimi, na daftari la kuandika mita za kila mtu nimelinunua. Katibu akinipa kalamu nitaandika majina sasa hivi kabla wali haujaiva.